Huzuni yenye kalenda: tuwasaidie ndugu zetu kabla ya majira ya baridi



Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa kwanza, mama mmoja wa kanisa letu hapa Bengamisa alinifuata baada ya ibada akiwa na simu mkononi. Alitaka nisikilize ujumbe wa sauti wa mwanawe. Kijana huyo alikuwa mwimbaji wa korali yetu. Vita vilimkuta Kivu alikokwenda kutafuta kazi, akakimbilia Uganda, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nakivale, mpaka alipopokelewa Marekani, katika jimbo la Minnesota. Siku aliyopanda ndege tulimwimbia Mungu shukrani. (Nimebadilisha mambo fulani ili asitambulike, naye mwenyewe amenipa ruhusa ya kueleza.)

Katika ujumbe ule sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usiku. «Mama, nimechoka. Usingizi ninao, tena mwingi, lakini naamka nimechoka. Kanisani siendi tena. Watu wakipiga simu naiangalia tu. Msinikasirikie.»

Mama aliniambia: «Papa Pasta, mtoto wangu amefungwa. Kuna watu waliona wivu juu ya safari yake.» Shemeji yake aliyekuwa pembeni hakukubali: «Hapana, amepata dola, ametusahau.» Katika jamaa moja, hukumu mbili. Na mimi mchungaji nikaongeza ya tatu. Nilimpigia kijana, nikamwambia adui anamshambulia, afunge siku tatu na akeshe usiku katika maombi.

Alinitii. Baada ya wiki mbili akaniandikia kwamba amefunga, amekesha, na giza limezidi. Kwa hiyo ameelewa kuwa Mungu amemkataa. Mwishoni aliongeza kwamba haoni tena sababu ya kuishi.

Namshukuru Mungu kwa shemasi mmoja wa kusanyiko la Wakongo kule, ambaye siku ileile alimpeleka kwa muganga. Muganga alimuuliza swali ambalo sisi wote hatukuuliza: «Ilianza mwezi gani? Na mwaka jana?» Kijana akafikiri. Ilianza mwezi wa kumi. Mwaka jana pia, mwezi wa kumi. Mwaka wa juzi vilevile. Na kila mara, mwezi wa nne ukifika, mzigo ulijiondoa wenyewe, naye akasahau kwamba ulikuwepo.

Tangu siku ile nimesoma juu ya jambo hili na kuuliza waganga. Naandika ili mchungaji mwingine asirudie kosa langu, na ili mama mwingine asilale na hofu ya wachawi wakati mwanawe anahitaji nuru na muganga.

Ugonjwa huu ni nini?

Depresio, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita sonona, ni zaidi ya huzuni ya kawaida. Huzuni ya kawaida ina sababu inayoonekana, na hupungua mtu akipata faraja. Depresio hukaa wiki nyingi, huondoa hamu ya mambo yote, hata yale mtu aliyoyapenda, na huharibu usingizi, chakula, kazi na maombi.

Aina moja ya depresio hufuata majira ya mwaka. Katika nchi za kaskazini huanza siku zinapokuwa fupi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na kuondoka siku zinaporefuka, mwezi wa tatu au wa nne. Ikirudi hivyo kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, waganga huanza kuitambua kwa kalenda yake.

Aliyeongoza kazi ya kuueleza ugonjwa huu kwa utafiti ni mtoto wa Afrika. Muganga wa akili Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka 1976 alihamia New York, na akaona kwamba kila majira ya baridi nguvu zake zilipungua, kisha zikarudi jua lilipoongezeka. Mwaka 1984 yeye na wenzake walitoa maelezo ya ugonjwa huu pamoja na jaribio la kuutibu kwa nuru ya taa. Basi, mtu wa jua aliyekwenda kuishi penye giza ndiye aliyetambua giza lile linafanya nini. Ndugu zetu wanaoshangaa miili yao kule si wa kwanza kushangaa.

Dalili zake zinaweza kudanganya, kwa sababu zinafanana na uvivu. Mtu hulala saa nyingi na bado ameishiwa nguvu. Anatamani sana mkate, sukari na vyakula vya wanga, na uzito wake unaongezeka. Anajitenga na watu. Kazi ndogo kama kufua nguo inakuwa mlima. Fikira haitulii. Anajiona hana maana, na maombi yake anayaona kama maneno yanayoanguka chini. Wanawake huonekana nao zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza katika ujana.

Kwa nini hapa kwetu hatuujui?

Bengamisa iko kama kilomita 50 kaskazini ya Kisangani, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hapa mchana na usiku hugawana siku karibu sawa mwaka mzima, saa 12 kwa 12. Mvua inaweza kunyesha siku tatu, lakini jua halibadili saa yake ya kutoka. Ndiyo sababu babu zetu hawakuachiwa neno la ugonjwa huu.

Sasa fikiri mtu wa hapa akiwa Minnesota mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Mchana hauzidi saa 9. Akiwa Oslo, Norway, hauzidi saa 6. Na huko Tromsø, kaskazini zaidi, jua halitoki kabisa kwa wiki kadhaa. Mtu anaenda kazini kuna giza, anarudi kuna giza, na katikati amefungiwa ndani ya kiwanda. Wengi wa watu wetu hupata kazi ya usiku: wanalala wakati jua dogo lile linapotoka, na wiki inapita bila kuliona.

Mungu ameweka ndani ya mwili kitu kama saa. Saa hiyo hurekebishwa na nuru inayoingia machoni, hasa ya asubuhi. Giza likija, ubongo hutoa melatonini, kemikali inayouambia mwili kwamba ni usiku. Asubuhi ikichelewa sana, kwa watu fulani saa hiyo hupotea njia, na mwili unaendelea kuishi kama ni usiku. Waganga wanaona pia kwamba serotonini, kemikali nyingine ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, inabadilika. Hawajamaliza kuelewa yote, lakini wanakubaliana kwamba nuru ndiyo kiini cha habari.

Hili linahusu familia nyingi za makanisa yetu ya mashariki. Katika mwaka wa fedha 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongo 16 370, na nchi yetu ikawa ya kwanza katika orodha ya walikotoka wakimbizi mwaka ule. Wengine wako Kanada, Norway, Sweden na Finland. Ni vigumu kupata kusanyiko huku lisilo na mtoto wake penye baridi.

Si uvivu, si laana, si kukosa imani

Katika 1 Wafalme 19 tunamwona Eliya. Ametoka kuona moto ukishuka mlima Karmeli. Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mti, peke yake, anaomba afe. Tazameni Mungu anavyomtendea. Hamkemei kwa kukosa imani. Hamwambii afunge. Anamwacha alale, anamtuma malaika na mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Maneno makubwa ya mlima Horebu yalikuja baada ya mwili kuhudumiwa.

Mimi nilifanya kinyume. Kwa mtu aliyekuwa amelemewa nilimwondolea chakula na kumvuruga usingizi, kisha giza lilipozidi akaona ni Mungu aliyemkataa. Sisemi maombi hayafai. Nasema maombi yetu yasimnyime mgonjwa mkate na dawa ambavyo Mungu mwenyewe anamtumia.

Tuwe waangalifu pia upande wa pili: si kila huzuni ya majira ya baridi ni ugonjwa huu. Kuna aliyefiwa na hakuweza kuja kuzika. Kuna anayebeba mambo aliyoyaona vitani. Kuna mwenye upungufu wa damu, au ugonjwa wa tezi ya shingoni, ambao nao huleta uchovu. Na kuna aliyebeba mawili au matatu kwa pamoja. Kazi ya kutofautisha ni ya muganga. Kazi yetu ni kumsukuma kwa upendo afike kwake, na kumwambia aeleze miezi: ilianza lini, iliisha lini, na mwaka uliotangulia ilikuwaje.

Mambo yanayosaidia

La kwanza ni nuru ya asubuhi. Hata siku ya mawingu, nje kuna nuru nyingi kuliko ndani ya nyumba yenye taa. Kutembea nje kila siku mapema baada ya kupambazuka, mtu akiwa amevaa vizuri, ni tiba isiyo na bei. Afungue mapazia, akae karibu na dirisha. Anayefanya kazi ya usiku aulize kama anaweza kupewa zamu ya mchana katika miezi ile.

La pili ni taa maalumu. Nguvu yake ni lux 10 000, zaidi sana ya taa ya nyumbani. Mtu hukaa mbele yake dakika 20 hadi 30 kila asubuhi akisoma Biblia au akinywa chai, bila kuikodolea macho. Wengi huona mabadiliko katika wiki moja au mbili. Lakini mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko mkubwa uliopita kiasi, asiitumie kabla ya kuongea na muganga.

La tatu ni mazungumzo ya tiba, ambapo mtu hufundishwa kutambua mawazo yanayomzamisha na kurudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont walilinganisha mazungumzo ya namna hiyo na taa kwa watu 177. Mwisho wa baridi ya kwanza njia zote mbili zilikuwa zimesaidia karibu sawa. Lakini baridi mbili baadaye, waliojifunza kwa mazungumzo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliotumia taa. Tena mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili; asione haya.

La nne ni dawa. Kuna dawa za depresio zinazosaidia, na mwaka 2006 Marekani ilikubali dawa moja itumike hasa kwa kuzuia depresio ya majira, ikianzwa kabla baridi haijafika. Mkristo anayemeza dawa ya malaria hatumwulizi imani yake iko wapi. Huyu naye tusimwulize. Ila asianze wala asiache dawa bila muganga.

La tano ni mambo ya kila siku: kuamka saa moja ileile hata Jumapili, kutembeza mwili, kula chakula cha kweli, kuacha pombe. Wengi hujaribu kujipa usingizi kwa bia, na bia huzidisha huzuni.

Kabla ya majira ya baridi

Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timoteo barua yake ya mwisho tuliyo nayo. Katika sura ya 4 anataja upweke wake waziwazi: huyu ameniacha, yule amekwenda. Kisha anaomba vitu. Anaomba joho aliloliacha Troa. Anaomba vitabu. Anaomba Marko aje. Na anamsihi Timoteo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyejaa Roho alijua baridi inakuja, akajua mwili wake unahitaji nini, na hakuona haya kuomba.

Hapo ndipo ugonjwa huu una rehema yake. Malaria haikuambii siku itakayokuja, lakini huu una kalenda. Kijana wetu sasa hujitayarisha tangu mwezi wa tisa. Anaonana na muganga wake, anatoa taa katika kabati, na anamwambia shemasi yule: «Miezi imefika, usiniache.» Bado majira ya baridi ni mazito kwake. Lakini hapotei tena.

Sisi wa nyumbani tuna sehemu yetu, na haihitaji dola.

Piga simu wakati wa asubuhi ya kwao. Wakati wa baridi, saa 9 alasiri ya Kisangani ni saa 1 asubuhi ya Minnesota. Sauti ya mama ikimwamsha mtu na kumwambia afungue pazia, hiyo ni huduma.

Asipojibu, usiandike «umetusahau». Andika «tunakukumbuka, hatudai jibu».

Miezi ile punguza maombi ya fedha kama inawezekana. Kila ombi ambalo hawezi kulitimiza linamwambia kwamba hafai kitu. Ada ya shule na dawa za bibi ni mahitaji ya kweli, najua. Lakini jamaa ikae, ichague lililo la lazima, na mtu mmoja aongee kwa niaba ya wote.

Usimtafutie mchawi. Neno hilo likifika kule linamwachia mgonjwa mzigo wa pili, yaani hofu ya jamaa yake mwenyewe.

Na usiogope kumwuliza waziwazi: «Je, unafikiri kujiua?» Swali hili halimpandii mtu wazo hilo, humfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Walioko Marekani na Kanada wanaweza kupiga namba 988 saa yoyote. Mtafute pia jirani au mzee wa kanisa aliye karibu naye, afike nyumbani.

Na kalenda yetu sisi?

Msomaji wa Kisangani anaweza kusema: «Mchungaji, hapa hakuna baridi, lakini mimi pia nina mwezi wangu.» Ni kweli. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na mamia ya raia wakafa chini ya mabomu. Najua watu ambao kila mwisho wa mwezi wa tano huanza kukosa usingizi, wanagombana na watoto, wanaacha korali, bila kujua sababu, mpaka mtu awakumbushe tarehe. Familia zilizokimbia Lubunga tangu 2023 nazo zimepata miezi yao.

Huu si ugonjwa wa nuru. Jua la Juni linatuangazia kama la Januari. Ni jeraha la kumbukumbu, na waganga hulitibu kwa njia nyingine. Lakini kalenda inaweza kutusaidia vilevile. Wazee wa kanisa waandike tarehe za misiba ya watu wao. Wiki moja kabla, mtu atembelee nyumba ile. Majina ya marehemu yatajwe katika ibada. Na anayezidiwa asipelekwe chumba cha maombi peke yake. Apelekwe pia kituo cha afya. Kwa ndugu wa Kivu kuna vituo vilivyozoea kazi hii, kama Sosame kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma.

Yule mama wa kanisa letu hajui kusoma saa za Marekani, lakini mjukuu amemwandikia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Toka mwezi wa kumi, alasiri, anaacha sombe kwenye kinu na kutafuta mahali penye mtandao. Anamwambia mwanawe: «Amka, papa. Jua limetoka?» Naye anajibu: «Bado kidogo, mama.» Wanaomba kwa maneno machache, kisha kijana anavaa koti na kutoka nje.

Wapendwa, mwaka huu tusingoje mwezi wa kwanza. Waandikie wako sasa. Bwana aliyemlisha Eliya chini ya mti awafikie walioko gizani, na atutumie sisi kubeba mkate. Amina.